Kung'atwa kwa Risasi Yangu

Alois Nestory,
Mteuzi wa Tumbaku (Mstaafu),
Nyumba yenye geti la kijani, Kitete,
TABORA.

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Mzee Masele Ngassa,
NZEGA.

Mkwe wangu mtarajiwa,

YAH: KUNG'ATWA KWA RISASI YANGU NA MSHENGA WAKO, NA KUSIMAMA KWA POSA YA BINTI YANGU KOLETA

Shikamoo. Nimetanguliza shikamoo kwa tahadhari tu, kwa kuwa siku mlipokuja hatukupata nafasi ya kuulizana miaka. Ikija kubainika kwamba mimi ndiye mkubwa, nihifadhie marahaba yangu, nitaichukua tutakapoonana.

Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mke wangu Apolinaria hasemi nami tangu tarehe 27 Julai, na binti yangu Koleta anasema nami kupitia mama yake, ambaye, kama nilivyokwisha kueleza, hasemi nami. Habari nyingi za nyumba yangu nazipata kwa jirani.

Nakuandikia kulalamika. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, na utaratibu unadai kwamba mlalamikiwa aelezwe kwanza mlalamikaji ni nani, hasa ikiwa mlalamikiwa aliondoka kabla ya chakula.

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mteuzi wa tumbaku kule Urambo. Wewe ni mfugaji, huenda kazi hiyo huijui. Mkulima analeta marobota yake sokoni, mteuzi anaingiza mkono, anachomoa jani, analinyoosha, analinusa, anatamka daraja. Mkulima amesimama pembeni, kofia mkononi. Nikitamka daraja la chini, mwaka mzima wa nyumba ile umekwisha pale pale. Sikuwahi kumpendelea mtu. Sikuwahi pia kualikwa harusini.

Nilipostaafu nilirudi Tabora nikakaa. Mkwe, kukaa ni kazi ngumu. Asubuhi nilikuwa nachambua mchele ambao mke wangu ameshauchambua. Mchana napanga viatu vya watu mlangoni kwa ukubwa. Wageni walikuwa wakitoka wanakuta ndara zao zimetenganishwa, kwa sababu mara nyingi ya kushoto huwa imechakaa zaidi, na mimi siwezi kuziweka daraja moja. Apolinaria akaniambia, "Baba Koleta, tafuta kitu cha kufanya kabla sijakutafutia mimi."

Kitu hicho kilinifuata chenyewe. Tulikuwa tunachimba choo katika shamba letu la Igalula, na mchimbaji akatoa kwenye udongo, futi nne chini, kidude cha duara, cha kijivu, kizito kuliko ukubwa wake. Wazee wa pale walisema ni risasi ya gobore, ya enzi za misafara, kwa kuwa njia ya wapagazi kwenda pwani ilipita hapo hapo. Niliishika kiganjani mpaka magharibi. Ilikuwa duara kamili, ila ina mstari mwembamba kiunoni, alama ya kalibu iliyoisubu, pale pande zake mbili zilipokutana. Nikawaza: kuna mtu aliyeifungua ile kalibu, akaona kitu kimetoka salama, akatabasamu peke yake. Mimi, katika miaka thelathini na mmoja, sikuwahi kuona jani la tumbaku lisilo na kasoro.

Basi nikamwendea fundi wa vyuma, akanichongea kalibu ya mfano wa koleo, nami nikaanza kusubu. Sina bunduki. Sijawahi kuwa na bunduki, na baruti sijui hata harufu yake. Mimi nayeyusha, namimina, nafungua, napima kwenye mizani ndogo ya sonara, napanga kwa madaraja ndani ya makopo ya maziwa. Risasi isiyotoka vizuri inarudi chunguni. Hailalamiki, haina mke, wala haina mtoto anayesubiri ada ya shule.

Binti yangu Koleta ni muuguzi, ana kituo huko Isikizya, na ndiye msichana ambaye mwanao Tobia alimwona akampenda. Siku aliyonikuta nimeinamia sufuria jikoni hakupiga kelele. Alizima jiko, akaniambia, "Baba, moshi wa risasi ukiingia kwenye damu hautoki. Na hapa tunapika chakula." Akanipa masharti: nihamie nyuma kabisa ya uwanja, nivae barakoa na glavu, nguo zangu zifuliwe peke yake, ninawe kwa sabuni mpaka atakapotosheka yeye, na sufuria ile isirudi jikoni milele. Sufuria yenyewe ilikuwa zawadi ya harusi yetu. Sharti la mwisho lilikuwa kwamba risasi hata moja isiingie ndani ya nyumba.

Masharti yote niliyafuata isipokuwa hilo la mwisho, tena kwa siku moja tu, na siku hiyo ndiyo mliyokuja ninyi.

Nitaeleza nilivyoona mimi. Mlipotuma salamu kwamba mnakuja kuposa, nilijiuliza nyumba yangu ina nini cha kuwaonyesha watu wenye ng'ombe. Nikachagua risasi arobaini, daraja la kwanza zote, nikazipaka masizi na mafuta kidogo, nikazisugua kwa kitambaa mpaka zikang'aa kama furu, yale matunda meusi ya porini, zilizoiva. Nikaziweka kwenye sinia, katikati ya meza, baina ya karanga na bakuli la asali. Nilikuwa nimeandaa na maneno. Nilitaka kusema: mkwe, hapa ndipo mwanao anapooa, nyumba ya watu wanaojua kipimo.

Sikufika huko. Mshenga wako, Bwana Venansi Ndayisenga wa Ulyankulu, alikuwa ameanza hotuba yake kwamba mmeona ua zuri katika bustani yetu. Alikuwa amefika kwenye ua, bado hajafika kwenye bustani, akanyoosha mkono kwenye sinia akatupa kitu mdomoni.

Sote tulisikia. Ulikuwa mlio kama wa kijiti kikavu. Bwana Venansi alitema kiganjani, na kiganjani palikuwa na nusu ya jino lake la mbele la bandia, pamoja na risasi yangu. Akaniuliza kwa utulivu mkubwa, "Mzee, hiki ni nini?" Mimi, kwa kuwa ni mkweli, nikajibu, "Ni risasi."

Wewe ukasimama. Ukasema, "Tumekuja kuposa, tunalishwa risasi." Ukaniuliza bunduki iko wapi. Nikasema sina. Ukasema, "Tangu lini mtu akawa na mbegu hana shamba?" Mama Kabula, mkeo, akachukua mkoba wake, akamwangalia Apolinaria kwa huruma ambayo Apolinaria hajaisahau mpaka leo. Mkaondoka. Kuku watatu na wali wa nazi waliliwa na majirani, ambao walitushukuru sana na kuuliza mnakuja tena lini.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa naomba kuorodhesha malalamiko.

1. Nalalamika kuhusu lugha. Kiswahili kimeamua kwamba madini yale ya kijivu ni risasi, na kitu kinachotoka kwenye bunduki ni risasi. Nilipojibu "ni risasi", mliipokea ile ya bunduki bila kuniuliza naisema ipi. Ni kweli kwamba kitu alichong'ata Bwana Venansi kilikuwa risasi kwa maana zote mbili kwa wakati mmoja. Lakini mtu muungwana hupewa kwanza ile maana nyepesi. Mgeni akija kwako Nzega akaambiwa "huyu ana mbuzi", hashituki akafikiri ni mbuzi ya kukunia nazi.

2. Nalalamika kuhusu upekuzi. Siku ya tatu baada ya ziara yenu walifika kwangu sungusungu sita wenye fimbo, wakiongozwa na kamanda wao Bwana Masolwa, ambaye ni mtu wa mtaa wetu na mtoto wake tulimbatiza pamoja. Alisema amepata simu kutoka Nzega kwamba nyumba ya geti la kijani inafuga silaha. Sikutaji wewe. Nasema tu kwamba Nzega nina mtu mmoja tu anayelijua geti langu.

Walitafuta bunduki chini ya kitanda, juu ya dari, ndani ya pipa la unga. Mke wangu aliwafuata nyuma akirudisha kila kitu mahali pake bila kusema neno, na ukimya ule uliwatisha kuliko risasi. Walipofika kwenye makopo yangu waliyafungua, wakahesabu, wakakuta risasi elfu moja mia moja na arobaini. Bwana Masolwa akaniuliza nasubiri vita gani. Nikamwomba afunge macho, nikamwekea daraja la kwanza kiganja cha kulia na daraja la pili cha kushoto. Akasema haoni tofauti. Nikamwambia ndiyo maana yeye ni kamanda na mimi ni mteuzi.

Tulikwenda kituoni. Afisa wa zamu alipekua kitabu chake akitafuta safu ya kunijaza, hakuipata. Hakuna bunduki, hakuna baruti, hakuna mtu aliyeumia isipokuwa jino la wilaya nyingine. Mwisho akaandika "gololi za mzee" akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Mkwe, nimetumikia taifa hili miaka thelathini na mmoja, leo nimeandikwa kwenye kitabu cha serikali kwa gololi. Tulipokuwa tunatoka Bwana Masolwa alininong'oneza nimpe sita za kufungia nyavu zake za samaki ziwe nzito. Nilimpa, daraja la tatu.

3. Nalalamika kuhusu mali iliyoharibiwa. Tangu siku ile kila mtu anazungumzia jino. Ulituma ujumbe kwamba kabla hatujaongea lolote lazima nimpeleke Bwana Venansi kwa fundi wa meno, na niache kabisa kusubu risasi. Sikatai. Lakini katika wiki zote hizi hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza hali ya risasi. Ina shimo. Upande mmoja umebonyea, na kwenye mstari wa kiuno kuna alama ya jino inayoonekana hata bila miwani. Risasi ile ilikuwa daraja la kwanza. Sasa haina daraja. Nimeipima mara nne, na imepungua, maana yake kuna kipande kimebaki kwa Bwana Venansi. Jino lile lilikuwa la bandia, limetengenezwa Mwanza, na litatengenezwa tena Mwanza. Risasi ile niliitengeneza mimi. Naomba fidia, au angalau pole.

4. Nalalamika kuhusu uteuzi wa mshenga, na hapa naomba usome ukiwa umekaa. Sidhani Bwana Venansi aling'ata kwa bahati mbaya. Alipoingia kwangu nilimwona uso wake nikasema huyu nimepata kumwona. Nimefikiri siku kumi na sita, na sasa nimemkumbuka. Miaka mingi iliyopita alileta marobota manne pale sokoni. Niliyapa daraja la chini kabisa, yote manne. Alisimama na kofia yake mkononi, kisha akaenda. Ninaamini kwamba mtu huyo alingoja. Ninaamini kwamba aliposikia kijana wa Nzega anataka kumchumbia binti wa Alois Nestory, alijipendekeza kwenu awe mshenga. Ninaamini kwamba alipoziona risasi zile mezani alijua hasa ni nini, na kwamba alitoa jino lake sadaka, kama mtu anayejichoma moto ili jirani aungue, kwa makusudi ya kuvunja posa hii na kuniacha na binti asiyeolewa. Kwa hiyo ninakutaka umfute ushenga mara moja, na ninakusudia kumfikisha mbele ya

Alhamisi, 15 Agosti

Mkwe, niliweka kalamu chini katikati ya sentensi, na sipendi kuacha sentensi bila mwisho, lakini sasa siujui mwisho wake ulikuwa nini.

Ilikuwa hivi. Jumatatu jioni nilipokuwa naandika lalamiko la nne kule nyuma ya uwanja, Koleta alirudi kutoka kazini. Alisimama nyuma yangu. Nilijua anasoma kwa sababu nilisikia pumzi yake inabadilika. Kisha akavuta ile sufuria yangu ya kusubu, akaigeuza, akaikalia, na sare yake nyeupe. Akasema nami moja kwa moja, bila kupitia kwa mama yake, kwa mara ya kwanza tangu mlipoondoka.

Aliniuliza, "Baba, katika miaka yako yote, umewahi kumwita mkulima ukamwambia nilikosea, lete robota lako nilitazame tena?"

Nikasema hapana. Nikamweleza kwamba utaratibu haukuruhusu.

Akasema, "Sawa," akainuka. Alipofika mlangoni akasema, "Mimi Tobia nampenda, Baba. Sijui kama hilo nililiweka wazi. Naona kila mtu hapa anaongelea meno."

Mkwe, hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningemwambia anyamaze. Aliingia ndani tu na kuanza kupiga pasi sare ya kesho.

Jumanne alfajiri nilipanda basi la Ulyankulu. Sikumuaga mtu, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumuaga. Nilifika nikauliza kwa Ndayisenga, wakanielekeza. Bwana Venansi nilimkuta anafunga banda la kukaushia tumbaku, akaniona kwa mbali, akasimama. Alipofungua mdomo kunikaribisha niliona lile pengo, na nakiri kwamba kwa mbele, kwenye mwanga wa asubuhi, ni kubwa.

Nilimwambia moja kwa moja lililonileta: ninadhani uliing'ata risasi yangu kwa sababu ya marobota manne.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mkewe, Mama Esperansi, akatoka kuangalia kuna nini. Bwana Venansi akamwambia kwa Kirundi, naye akacheka pia, akaingia ndani kututafutia chakula. Kisha akanieleza. Alisema alidhani ni furu. Alisema tangu Nzega hadi Tabora hakuwa ametia kitu tumboni, kwa sababu wewe, mkwe, ulikataza watu kula njiani ili mje mkiwa na njaa ya heshima. Na kuhusu yale marobota akasema, "Tumbaku yangu mwaka ule ililoweshwa na mvua bandani. Ulikuwa sahihi, Mzee Alois. Ningekuwa wewe ningeipa daraja hilo hilo."

Nikafurahi. Nikamwambia basi yamekwisha.

Akasema, "Ulikuwa sahihi. Ila hukunitazama usoni. Ulilitazama jani, ukatamka, ukaenda kwa mwingine. Nilisimama pale nikingoja unitazame, hata kwa kunichukia tu. Nilikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani."

Niliuliza mtoto yule yuko wapi. Akasema, "Huyo hapo anakuletea maji." Nikageuka nikaona mwanamke mzima, Irankunda, ana mtoto mgongoni. Nilinawa. Nilinawa muda mrefu kuliko masharti ya Koleta.

Tulikula ugali na maharage. Nilitoa risasi iliyong'atwa, niliyokuwa nimeichukua kama kielelezo, nikamwekea mkononi. Aliigeuzageuza, akaingiza ukucha kwenye shimo, akasema kazi ni nzuri. Aliona mstari wa kiuno. Akaniuliza jinsi ninavyofanya ili pande mbili zikutane sawa, nami nikamweleza, na maelezo yalichukua muda, na hakupiga miayo. Wakati wa kuondoka aliniomba abaki nayo, nikamwachia. Jana nilikaa Ulyankulu siku nzima kwa sababu alikataa niondoke, na leo nimerudi na kuku mmoja na mfuko wa maharage.

Kwa hiyo, kwa kurejea barua hii hii: lalamiko la nne nimelifuta, ila namba yake naiacha ili orodha isiharibike. Lalamiko la tatu nalo limebaki bila kielelezo, na mlalamikaji asiye na kielelezo hushindwa hata baraza la mtaa, basi nalo liende. Lalamiko la pili nililiandika kwa hasira, na kwa kweli sungusungu walikuwa na adabu. La kwanza nalishikilia. Lugha haijaniomba radhi.

Linabaki la tano, ambalo sikuliandika siku ile, na ndilo hasa.

5. Nalalamika kuhusu Koleta na Tobia. Watu wawili wanapendana. Mmoja ni muuguzi anayeamka saa kumi na moja kuwahi gari la Isikizya. Mwingine ni mwanao, nawe unamjua. Wazee wao wameshindwa kukaa meza moja kwa sababu mmoja aliweka mezani kitu kisicholiwa na mwingine hakutaka kuuliza mara ya pili. Kati ya wazee hao wawili mimi ndiye niliyekosea kwanza. Naandika hivi kwa mkono wangu. Ni mara yangu ya kwanza kuandika hivyo, na ukiona wino umekolea hapo ni kwa sababu nilisita.

Umenidai mambo mawili, nami nayajibu. La kwanza, jino. Jumanne ijayo ninakwenda Mwanza na Bwana Venansi, tumekubaliana, tutakaa viti vya pamoja. La pili, niache kusubu risasi. Nimeacha. Jioni ya leo nilimwita Bwana Masolwa, nikamkabidhi makopo yote pamoja na yaliyomo, agawie wavuvi wenzake wa bwawa la Igombe wafungie nyavu. Aliuliza kama wachanganye madaraja. Nikamwambia wachanganye. Apolinaria alikuwa anachungulia dirishani, na makopo yalipopita getini akasema, "Chakula kiko mezani." Ni maneno matatu, lakini ni ya kwangu.

Sasa naomba unipime wewe, mkwe, kama nilivyopima watu. Mtu anayeweza kuacha kwa jioni moja hakuwa na ugonjwa, alikuwa na mchezo tu. Mchezo wenyewe haukumnyang'anya mtu kitu. Risasi zangu zote zilitokana na mabaki, na hakuna hata punje moja ambayo sijui ilikotoka. Mtu wa namna hiyo unaweza kumkabidhi mwanao. Mtu wa namna hiyo unaweza hata kukaa naye sebuleni ukafumba macho.

Kwa hiyo naomba mje upya, Jumamosi ya tarehe 24 Agosti, saa tisa alasiri. Mezani kutakuwa na karanga, na asali, na furu za kweli zikipatikana. Bwana Venansi amekubali kuanza hotuba yake tena kutoka kwenye ua. Na naomba mle njiani.

Nimesikia kwa jirani kwamba Mama Kabula na Apolinaria wanaongea kwa simu kila siku tangu wiki iliyopita, na kwamba tarehe ya ndoa walishaipanga, na kwamba hata kitambaa kimekatwa. Kama ni uvumi, nisamehe kwa kuueneza. Kama ni kweli, basi mimi na wewe ndio tuliobaki nje, na ingefaa tuingie pamoja.

Msalimie Mama Kabula, umwambie kuku tumewaongeza. Wasalimie ndugu wote wa Nzega na ng'ombe wao. Msalimie na yule aliyempigia simu Bwana Masolwa, ukimfahamu.

Ni mimi, wako katika ujenzi wa undugu uliochelewa kukauka,

(sahihi)
Alois Nestory

Nakala kwa:
Bwana Venansi Ndayisenga, Ulyankulu, kwa taarifa.
Bwana Masolwa, Kamanda wa Sungusungu, asome akimaliza kufunga nyavu.
Mama Koleta, jikoni. Sasa naweza kumpa mkononi.

Tanbihi ya Ijumaa asubuhi: Koleta amesoma barua hii akanirudishia. Anasema mtu akiomba kupimwa atoe robota lote, asifiche majani ya chini. Basi natoa. Kwenye rimu za gari hupigiliwa vipande vidogo vya risasi ili gurudumu lizunguke bila kutetema. Vile vya magurudumu ya kulia ya gari lako nilivitoa mimi siku ile mlipofika, wakati mke wangu akiwamiminia maji ya kunawa. Ikiwa mlitetemeka kutoka Tabora mpaka Nzega, usiilaumu barabara. Mwanao Tobia, aliyewaendesha siku ile, alinikuta nimechuchumaa. Alivua saa yake akaitia mfukoni, akachuchumaa kando yangu, akanishikia bisibisi na kusema, "Baba, hiki kimeshika, ingiza kwa ubapa." Pale pale niliamua moyoni kwamba binti yangu ameshaolewa, yaliyobaki ni mazungumzo. Vipande vile sinavyo tena kama vilivyokuwa. Vimetoka risasi tisa, daraja la kwanza zote, ambazo sikumpa Bwana Masolwa, na nimezifunga ndani ya bahasha hii kama ulivyohisi uzito wake. Tarehe 24 njooni na gari lile lile. Magurudumu ya kushoto sikuyafikia.